NJIA YA PWANI NA NJIA YA BARA
Waadhi kwa msafiri asimamaye njia panda

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kupasua ndani yake njia pana, akampa mwanadamu vipando vya kumchukua na akili ya kumwongoza. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, aliyehama Makka kwenda Madina kwa shauri na hadhari, na ziwashukie ahli zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Jambo la kuchagua njia ya safari huonekana dogo machoni pa watu. Msafiri hufika njia panda, akasimama kitambo, akamwuliza mwenziwe, "Twende kwa pwani au kwa bara?" Kisha hugeuza gari, na maneno yamekwisha. Wala hadhani kuwa hapo ameingia katika mlango wa sharia. Lakini wanavyuoni hawakulidharau jambo hili. Walilitia vitabuni wakalipa hukumu yake. Na katika sira ya Mtume (s.a.w.) mna habari za njia ya pwani na njia ya bara ambazo mwenye akili hazimpiti bure.

FASLI YA KWANZA: NJIA MBILI NA WATU WAKE

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga ana njia mbili. Moja ni ya bara. Hushika Kibaha na Mlandizi mpaka Chalinze, hapo ikakata kaskazini, ikapita Msata na Mkata mpaka Segera, kisha ikarudi upande wa mashariki kwa Muheza hata Tanga. Urefu wake ni kilomita zipatazo 350, nayo ni ya lami. Ndiyo njia ya mabasi na malori, na mwenye haraka huishika hiyo.

Ya pili ni ya pwani. Hupita Bagamoyo na Makurunge, ikaja Saadani, ikafika Pangani, kisha Tongoni, kisha Tanga. Kwa ramani hii ndiyo fupi. Ila kwa zama nyingi ilikuwa ya udongo, yenye tope wakati wa masika, na pale mtoni Pangani gari zilivushwa kwa pantoni. Basi ufupi wake haukuwa wepesi. Lakini aliyeipita aliona ambayo mwenziwe wa bara hakuyaona: mikoko ya mto Wami, na wanyama wa mwituni pale Saadani wakikaribia pwani hata mawimbi yasikiwe, na minazi, na bahari yenye majahazi. Akipenda kugeuka kidogo karibu ya Bagamoyo, ataona magofu ya msikiti wa kale wa Kaole. Na akikaribia Tanga, ataona makaburi ya nguzo ya Tongoni, ya Waislamu waliotangulia, ambao nao walikuwa na safari zao na haraka zao.

Basi watu wamegawanyika. Wako wasemao kuwa wakati ni mali, na mwenye kuzunguka kwa kutazama bahari amepoteza mali yake. Na wako wasemao kuwa mwenye kukimbia barabara kuu kama aliyefukuzwa hana alichokipata ila vumbi na moshi. Kila mmoja humcheka mwenziwe, na kila mmoja hudhani kuwa njia yake ndiyo ya wenye akili. Ukweli ni kuwa uzuri wa njia si dhambi, wala wepesi wake si ibada. Huangaliwa ni nani aendaye, aenda kwa haja gani, na nani amngojaye mwisho wa njia.

FASLI YA PILI: NJIA ZA MAQURAISHI

Maquraishi walikuwa watu wa biashara, na misafara yao ya Sham ilipita karibu ya bahari ya Sham. Mwaka wa 2 wa Hijra, yaani 624, msafara wao mkubwa ulikuwa ukirejea, wenye ngamia wapatao 1,000 kama walivyotaja wapokezi, na mkuu wake ni Abu Sufyan. Alipokaribia Badr alitangulia mwenyewe kupeleleza. Akakuta mavi ya ngamia, akayavunja, akaona ndani yake kokwa za tende za Madina. Akajua ya kuwa wapelelezi wa Mtume (s.a.w.) wamefika hapo. Akageuza msafara wake upande wa pwani, akaiacha Badr kushotoni, akaenda mbio hata akasalimika. Na Kurani tukufu katika sura ya Anfal imetaja siku hiyo: Waislamu wako ng'ambo ya karibu ya bonde, maadui ng'ambo ya mbali, na msafara uko chini yao, upande wa bahari.

Abu Sufyan alipookoka aliwapelekea habari Maquraishi waliotoka Makka kuja kuutetea: mali yenu imesalimika, basi rudini. Haja iliyowatoa ilikuwa imekwisha. Wako waliorudi, nao ni Banu Zuhra. Lakini Abu Jahl akaapa kuwa hawatarudi mpaka wafike Badr, wakae siku tatu, wachinje, wanywe ulevi, waimbiwe na waimbaji, ili Waarabu wote wasikie habari yao na waendelee kuwaogopa. Ikawa aliyoyapata yanajulikana: aliuawa hapo Badr, na wakuu wengi wa Makka pamoja naye.

Na hapa pana funzo lenye kupita la siku hiyo. Msafara uliosalimika ulibadili njia kwa haja. Jeshi lililoangamia liliendelea na njia bila ya haja, kwa kibri na kutaka kuonekana. Ni wangapi leo wendao safari iliyokwisha haja yake, hawana walifuatalo ila watu waseme, "Fulani alifika mahali fulani"?

Kisha ukaja mwaka wa 3 wa Hijra. Maquraishi wakaiogopa njia ya pwani, kwani makabila ya huko yalikwisha funga ahadi na Mtume (s.a.w.). Safwan bin Umayya na wenziwe wakashauriana, wakasema kuwa wakikaa Makka bila ya biashara watakula rasilimali yao mpaka iishe. Wakaonelea waishike njia ya bara, njia ya Iraq, ambayo hawakuizoea. Wakamwajiri kiongozi mjuzi, Furat bin Hayyan, nao wakachukua fedha nyingi. Habari zikafika Madina. Mtume (s.a.w.) akamtuma Zaid bin Haritha pamoja na watu 100, wakaukuta msafara penye maji yaitwayo Qarada. Wakuu wakakimbia, mali yakachukuliwa, na yule kiongozi akashikwa, kisha akasilimu.

Basi na atazame mwenye kutazama. Mwaka mmoja njia ya pwani iliokoa. Mwaka wa pili wakaikimbia njia hiyohiyo, na njia ya bara ndiyo iliyowaangamiza. Njia haina nguvu ya kuokoa wala ya kuangamiza kwa nafsi yake. Amri ni ya Mwenyezi Mungu.

FASLI YA TATU: HIJRA, NA SHAURI LA MSAFIRI

Asije mtu akasema: ikiwa amri ni ya Mwenyezi Mungu, basi hapana haja ya kuchagua, na ashike yoyote. Hayo ni maneno ya mvivu aliyejificha nyuma ya itikadi.

Mtume (s.a.w.), naye ndiye mbora wa wenye kutawakali, alipotaka kuhama mwaka 622 hakutoka ovyo. Madina iko kaskazini ya Makka, naye alielekea kusini, akakaa katika pango la Thaur siku tatu pamoja na Abu Bakr. Wakamwajiri Abdallah bin Uraiqit awaongoze, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Maquraishi, lakini alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu katika kazi yake. Baada ya siku tatu akawaletea ngamia, wakatoka pamoja na Amir bin Fuhaira, akawachukua kwa njia ya pwani. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari njia hiyo imeitwa njia ya "sawahil", ndilo neno ambalo watu wa pwani hii wamelichukua wakaitwa kwalo. Hakuichagua kwa kuwa ni fupi, wala kwa kuwa ni nzuri. Aliichagua kwa usalama, kwani wenye kumtafuta walikuwa wameahidiwa ngamia 100.

Leo wendao Hija hutoka Makka kwenda Madina kwa barabara kuu iliyokata bara, nayo imepewa jina la Hijra. Na tangu mwaka 2018 pana na gari-moshi lishikalo upande wa Jedda na Rabigh, urefu wa reli yake kilomita 450. Safari iliyochukua siku nyingi imekuwa ya saa chache. Neema hii yataka shukrani, na shukrani yake ni kuwa saa zilizookolewa zitumike katika kheri, zisiwe saa za mazungumzo ya upuzi.

Na Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akienda Sham, akapata habari za tauni, akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa aikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia ateremkaye bondeni, upande mmoja una majani na wa pili mkavu. Akilisha huku au kule, kote ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi kuchagua ni wajibu wa mja, na matokeo ni ya Mola wake. Asiyechagua kwa akili, kisha akasema "nimetawakali," huyo ameiacha akili aliyopewa.

FASLI YA NNE: HUKUMU YA SALA

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii, msafiri hupunguza sala ya rakaa nne kuwa mbili ikiwa safari yake ni halali na ni ya marhala mbili, nazo ni maili 48 za Kihashimi. Wengi wa leo wamezikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Mji ukiwa na njia mbili, na zote zimetimiza kadiri hiyo, kama hizo za Tanga, hapana shaka: aende kwa bara au kwa pwani, atapunguza. Na zikiwa zote ni fupi, hatapunguza.

Suala ni pale njia moja ni fupi, haikutimiza marhala mbili, na ya pili ni ndefu, imetimiza, na mtu akaishika ile ndefu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelitaja suala hili katika Minhaj, kitabu kijulikanacho sana katika darasa za pwani. Hukumu yake ni kuwa akiishika ile ndefu kwa ajili ya haja, kama wepesi wa njia au usalama, atapunguza. Na akiwa hana haja ila kutaka kupunguza sala, basi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi hatapunguza. Wenye kuisherehesha wamemfananisha mtu huyo na aishikaye njia fupi kisha akawa aenda kulia na kushoto mpaka akairefusha. Mwendo wake ni mchezo, na mchezo hauleti ruhusa.

Kisha wakazihesabu haja nyingine: kumzuru mtu, kumwangalia mgonjwa, na kujiburudisha kwa mahali pazuri. Na izingatiwe hii ya mwisho. Wanavyuoni hawa, watu wa usiku na vitabu, hawakuona kuwa mwenye kupita njia ndefu kwa sababu ya maji yake na miti yake na hewa yake ni mpuzi. Wameihesabu kuwa ni haja, na ruhusa ya sharia ikamwendea. Basi asimlaumu mtu mwenziwe aliyezunguka kwa kuitazama bahari, ikiwa hakuzunguka kwa kuikimbia sala.

Lakini yako na ya kumhofia huyo mwenye njia ya haraka. Adhuhuri na Alasiri zaweza kukusanywa safarini, na Magharibi na Isha vilevile. Lakini Alfajiri haikusanywi na sala yoyote. Basi liondokalo usiku, likaenda mbio mpaka jua likachomoza, abiria wamelala na dereva hakusimama, limefika mapema, lakini sala imeachwa njiani. Mwenye gari Muislamu na asimame robo saa. Na abiria na waseme mapema, kabla ya kukata tikiti, wala wasingoje mpaka jua liko machoni. Robo saa haijamfilisi mtu.

FASLI YA TANO: HAKI ZA WATU

Yafaa kupigwa mfano. Mtu yuko Dar es Salaam, akaletewa habari kuwa mamake ni mgonjwa sana huko Tanga, na amemtaja jina lake. Akapata gari la rafiki zake. Walipofika njia panda wakasema: "Tupite pwani. Tutapumzika Pangani, tutakula samaki wabichi, na saa ni zilezile." Naye ajua kuwa saa si zilezile. Lakini aliona haya kusema, akanyamaza. Wakapita pwani, wakasimama hapa na pale, kila mahali kidogo tu, na kila kidogo kikazaa kidogo. Alipofika Tanga, jeneza lilikuwa limekwisha toka. Majirani wakampa mkono, wakamwambia kuwa mama aliuliza mara tatu kama gari limefika.

Mtu huyu hakufanya jambo la haramu kwa kula samaki. Bahari haina kosa, wala rafiki zake hawakumtakia shari. Kosa lake ni kuwa palikuwa na haki shingoni mwake, akaiuza kwa haya. Na uzuri wote wa pwani, tangu Bagamoyo hata Tongoni, hautamlipa ile mara moja ambayo angeliitika, "Labeka, mama."

Na upige mfano wa pili. Mwenziwe naye aliitwa vivyo hivyo, akaishika njia ya bara usiku, naye amechukua watu wanne. Huzuni ikamtia haraka, haraka ikamtia upofu. Akawa ayapita malori penye kona na penye mlima, na kila aliyemwambia "pole pole" alimjibu, "Mama yangu ataka kufa." Basi hao wanne nao wana mama zao. Mtu hana haki ya kuikimbilia roho moja kwa kuzihatarisha nne. Lau angelipinduka, angeliongeza msiba juu ya msiba. Mwenye haja na aishike njia ya haraka kwa mkono uliotulia.

Na imepokewa na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wasafiri ya kwamba wakipita katika nchi yenye rutuba, wawape ngamia haki yao ya malisho, na wakipita katika nchi kavu, waharakishe. Tena aliwakataza kulala njiani usiku, kwa kuwa ni mapito ya wanyama. Hadithi moja imekusanya yote: penye neema pana haki ya kutua, penye ukame pana haki ya kuharakisha, na penye hatari pana haki ya kujihadhari. Na aliyetajwa kwanza kwa haki ni mnyama asiyesema. Basi abiria aliyelipa nauli ana haki zaidi, na dereva aliyekesha ana haki ya usingizi, na mwenye amana iliyomo garini ana haki ya kufikishiwa kwa siku waliyopatana.

Na Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa safari ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, basi akimaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa ahli zake. Naye mwenyewe alipokuwa akirejea na kuziona kuta za Madina, alimhimiza mnyama wake kwa mapenzi ya mji huo. Lakini aliporejea Tabuk na mlima wa Uhud ukaonekana, aliutazama akasema kuwa huo ni mlima uwapendao nao waupenda. Basi haraka ya kurudi nyumbani haikumzuia kuinua macho akauona mlima. Yote mawili ni sunna yake, na mwenye kuyakusanya amefuata mwendo wake.

HATIMA

Basi msafiri asimamaye njia panda na ajiulize maswali matatu kabla ya kugeuza gari. La kwanza: ni nani amngojaye, naye aweza kungoja? La pili: amechukua nini na amechukua nani, na ni njia gani iliyo salama kwao? La tatu: sala itamkuta wapi, na je, atasimama? Akiisha kuyajibu kwa ukweli, na ikawa hapana haki itakayopotea, basi na achague apendalo moyo wake, kwani imepokewa na Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) hakuhiyarishwa baina ya mambo mawili ila alichagua lililo jepesi, maadamu si dhambi.

Tena imepokewa na Jabir (r.a.) kuwa siku ya Idi Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Basi na mwenye kwenda kwa bara kwa sababu ya haja iliyomhimiza, haja ikiisha na wakati ukiwa wasaa, hapana ubaya arudi kwa pwani pamoja na wanawe. Na awaonyeshe bahari, na awateremshe penye makaburi ya Tongoni, awafundishe kuwatolea salamu waliolala pale. Hao pia walichagua njia zao, wengine za bahari na wengine za bara, na zote zimewafikisha mahali pamoja.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wa Kiislamu usalama katika kwenda na kurudi, awape macho ya kuona dalili zake na miguu ya kuziwahi haki za watu, na awaongoze katika njia iliyonyoka. Amin. Na mwisho wa maombi ni kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.